Posa Aliyoibeba Dalali

Shangazi Tuhfa alipotajiwa bei ya zabibu, alicheka. Lutfia, aliyesimama hatua mbili nyuma yake, amegubikwa sitara toka utosini hadi kisiginoni, macho tu yakionekana, alikisikia kile kicheko na moyo ukaanza kumwenda mbio. Kicheko kilikuwa ndio mwanzo. Sasa alikuwa na muda.

Katika masoko yote ya Sana'a hapakuwa na mwanamke aliyejua kununua kama Tuhfa, wala mchuuzi aliyemwona akija asimwombe Mungu subira. Yeye ndiye aliyemlea Lutfia tangu mama yake afariki, na Lutfia alimfuata sokoni tangu angali wa kushikwa mkono, hata hatua zote za ununuzi wake akazijua kwa moyo. Kwanza ataicheka bei. Pili ataitafutia mali kasoro. Tatu ataondoka kwa hasira, afike duka la tatu, aitwe, akatae, aitwe tena, arudi. Hapo mchuuzi ataapa kwa uhai wa wanawe, na yeye ataapa kwa kaburi la marehemu mumewe, na mwisho watakubaliana bei ambayo wote wawili waliijua tangu asubuhi. Kwa ratili mbili za zabibu nyeusi za Khaulani shughuli hiyo haipungui nusu saa. Leo zilitakiwa ratili kumi, za harusi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Lutfia, na ndoa ilikuwa Ijumaa. Leo Jumanne.

Alimwambia shangazi yake kwamba miguu inamuuma, atakwenda kukaa kwenye baraza la masonara pale ng'ambo. Shangazi alimpungia mkono bila kugeuka. Alikuwa keshaokota zabibu moja anaitazama kwenye mwanga, jicho moja kalifumba.

Kutoka hapo mpaka kwa masonara ni kuvuka kichochoro tu. Ghamdan alikuwepo, bangili kuukuu za fedha zimemjaa mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, na jambia mbili za watu begani, anazitembeza kuzitafutia mnunuzi. Kazi yake udalali. Hakuwa na duka wala mizani. Alikuwa na miguu, na sauti, na uaminifu uliosemwa soko zima, na kwa mali hiyo alikuwa akila na kumlisha mama yake. Lutfia alijua kwamba ametambuliwa, maana ile sauti iliyokuwa ikinadi ilikatika katikati ya bei.

"Karibu, binti wa watu," Ghamdan alisema kwa sauti ya biashara, ili masonara wasikie. "Kuna bangili hapa za bibi mmoja wa Shibamu. Kazi ya zamani."

Lutfia aliketi ukingoni mwa baraza. Ghamdan akachuchumaa mbele yake, akatandaza kitambaa, akaanza kuzivua bangili moja moja na kuzipanga. Mpita njia angeona dalali na mteja wake, basi.

"Ni wewe uliyeileta," Lutfia alimwambia chini chini.

Hakuinua macho. "Ni mimi."

Lutfia alikuwa amejiapiza hatalia. Machozi yalimtoka hapo hapo, na kwa kuwa uso ulikuwa umefunikwa aliyaacha yatiririke mpaka kwenye midomo, akayaonja chumvi yake.

Miaka miwili nyuma Ghamdan alibisha hodi nyumbani kwao kuchukua mkufu wa bibi yake Lutfia akauuze. Alirudi jioni na pesa zaidi ya zile alizotaka bibi, akazitoa zote kupitia upenyo wa mlango, na mkono uliozipokea ulikuwa wa Lutfia. Ndivyo jambo lao lilivyoanza. Tangu siku hiyo walizungumza labda mara kumi na mbili, kila mara kukiwa na mlango katikati na kitu cha kuuzwa au kununuliwa, kwa sababu bila kitu cha kuuzwa hakuwa na sababu ya kupita mtaa ule. Mikufu ya bibi ilipokwisha, Lutfia akaanza kuuza mitungi. Kabla ya Ramadhani Ghamdan alimwambia kupitia upenyo huo huo: baada ya Idi nitakuja na mjomba wangu. Lutfia hakuwahi kufunga Ramadhani ndefu kama ile.

Idi ikapita. Siku ya kumi baada yake, Lutfia akikanda unga, baba yake, Haji Muhsin, alisimama nje ya chumba cha wanawake, akakohoa kama ilivyo adabu, akasema, "Lutfia, Ghamdan dalali yuko chini. Ameleta posa. Unasemaje?"

Jina la mposaji hakulitaja. Baba wa Sana'a huona haya kumtajia bintiye mwanamume waziwazi. Humtaja aliyeileta posa, na mengine huachiwa wanawake wayaeleze. Na Lutfia hakuuliza. Angeuliza nini, naye alikwisha kulisikia jina alilolingoja mwezi mzima na zaidi? Aliuma ncha ya shela yake ili asicheke kwa furaha, akanyamaza. Mwari akinyamaza amekubali. Baba aliuliza mara ya pili, na ya tatu, na mara zote tatu Lutfia alinyamaza kwa moyo wake wote. Huko chini ikasomwa Fatiha. Shangazi Tuhfa akapanda ngazi anapiga vigelegele, akamkumbatia na unga wake mikononi, akamwambia umepata, mwanangu, umepata, Haji Sharaf mwenyewe, mwenye duka la vitambaa.

Tangu hapo ni siku tisa. Lutfia alimwangukia baba yake miguuni, akamwambia hakujua. Haji Muhsin hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililomkatisha Lutfia tamaa, kwa sababu mkali hupoa. Alimtazama kwa huruma akasema, "Ulinyamaza mara tatu. Nyumba nzima ilikusikia ukinyamaza. Niende nikawaambie watu nini?" Na alipodokezewa na bibi kuwa huenda binti ana mtu moyoni, na mtu mwenyewe ni yule wa bangili, alisema neno moja tu, kwamba dalali ni mtu wa kutembeza mali za wenzake, hana ya kwake, na hakuna kikao kingine juu ya hilo.

"Niambie ilikuwaje," Lutfia alisema sasa. "Nataka kuelewa kabla sijafa."

"Usiseme kufa."

"Niambie."

Ghamdan aligeuza bangili moja mikononi. "Haji Sharaf aliniita dukani. Akanipa kishri, ile chai ya maganda ya kahawa, akaniketisha. Akasema, nina neno nataka ulipeleke nyumba ya watu, watu wa heshima, nakutuma wewe kwa sababu hujawahi kunidanganya. Utalipeleka? Nikasema nitalipeleka. Akasema, niahidi. Nikashika kidevu changu nikasema, juu ya uso wangu." Aliilaza bangili kitambaani. "Ndipo akaitaja nyumba."

"Ungeuliza kwanza."

"Dalali haulizi, Lutfia. Anaahidi kwanza, anatajiwa baadaye, ili akikataa asiende kuyatangaza ya watu. Ndivyo tulivyofundishwa, tangu babu zetu. Niliahidi kama ninavyoahidi kila siku."

"Ungerudi ukamwambia huwezi."

"Kwa sababu ipi?"

"Kwa sababu unanitaka."

Ng'ambo ya kichochoro Shangazi Tuhfa alikuwa amekwisha kuingia hatua ya pili, anauliza kama zabibu hizi zimekaushwa juani au zimekaangwa.

"Dalali hanunui mali aliyopewa aitembeze," Ghamdan alisema. "Hata kwa bei ya juu. Akifanya hivyo mara moja, watu watasema siku zote alikuwa akizishusha mali zao ili ajinunulie mwenyewe. Na neno nimelitoa juu ya uso wangu. Nikilirudisha, nitatembea sokoni hapa na uso gani?"

"Mimi si jambia, Ghamdan."

"Najua wewe ni nani!" Sauti ilimtoka, na sonara mmoja akageuka. Ghamdan akainua bangili juu, akasema kwa nguvu kwamba uzito wake haupungui, ukitaka ipimwe ipimwe. Sonara akarudi kwenye kazi yake. "Najua wewe ni nani," akarudia, safari hii kwa mnong'ono. "Nilisimama mlangoni kwenu nikiomba baba yako asiwepo. Alikuwepo. Nikaomba akatae. Akafurahi. Basi nikabakiwa na wewe. Nilikaa pale chini kwenye zulia, nikasema, Lutfia atakataa, atasema hapana moja tu na mimi nitatoka hapa mzima. Baba yako akauliza. Nikatega sikio. Akauliza tena. Nikasikia kimya, mara tatu. Nikasema, ameliona duka la Haji Sharaf, amenisahau."

Katika siku zote tisa, katika mawazo yote Lutfia aliyoyawaza kitandani, hili halikuwahi kumjia, kwamba naye alikuwa chini pale anamngoja.

"Baba alitaja jina lako," alisema. "Jina lako peke yake. Nilinyamaza kwa ajili yako."

Ghamdan alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kumtazama machoni, na Lutfia aliona rangi ikimtoka usoni taratibu, mpaka midomo ikapauka. Bangili iliyokuwa mkononi mwake ikaanguka, ikabiringika juu ya mawe, asiiokote.

Muda ulikuwa unakwisha. Lutfia akaanza kusema ovyo, kama mtu aliyeshikwa na homa. Akamwambia watoroke, Lutfia atangulie kwa wajomba zake Taizi, Ghamdan amfuate. Ghamdan akatikisa kichwa. Baba yake Lutfia angeuawa na aibu, na wajomba wangemrudisha kabla jua halijatua. Akamwambia basi atakunywa kitu. Ghamdan akamshika pindo la sitara, pindo tu, akamwambia akisema hivyo tena naye atafanya hivyo hivyo, na mama yake hana mtoto mwingine.

Hapo ndipo Shangazi Tuhfa alipolipata jiwe.

"Jiwe!" Alilinyanyua juu soko lote lilione. "Ratili kumi za harusi, na ndani mna mawe! Ulijua, usinitazame hivyo, ulijua! Mwenye mali akijua kasoro akanyamaza, anakula haramu. Ama uiseme, mtu achukue au aache, ama mali irudi na wewe upate aibu yako!"

Mchuuzi alikuwa akijitetea kwamba jiwe moja si mawe. Watu wakacheka. Lutfia hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa.

"Ghamdan. Dalali akiijua kasoro ya mali akaificha, anakuwaje?"

"Khaini," alijibu bila kufikiri. "Dhamana yote inamwangukia yeye."

"Na mnunuzi akiambiwa kasoro kabla?"

"Ana hiari. Anaweza kuiacha, na hakuna wa kumlaumu."

"Ulimtajia Haji Sharaf kasoro yangu?"

"Huna kasoro."

"Ninayo. Moyo wangu una mtu. Wewe dalali wake unalijua hilo, na hukumwambia." Alikuwa akisema haraka haraka, pumzi zinamkatika. "Nenda kamwambie. Hujavunja ahadi, hujarudisha neno, umetimiza haki ya kazi yako tu. Mwanamume gani wa Sana'a atamtaka mke wa namna hiyo? Ataiacha posa mwenyewe. Akiiacha, Fatiha imekwisha, na baba hana neno la watu. Ghamdan, ni njia."

Aliiona ile njia ikimwingia Ghamdan taratibu, na matumaini yakimjia usoni, akaogopa kuyatazama.

"Ataniuliza ni nani."

"Mwambie."

"Itakuwa mwisho wa udalali wangu. Hilo nimelikubali. Lakini akilitangaza jina lako?"

"Alitangaze. Hilo jina nalihifadhia nini, nikienda kulala nyumbani kwake Ijumaa?"

Kabla hajamjibu, hatua ya tatu ikaanza. Shangazi Tuhfa aliondoka kwa hasira, na hasira yake ilimleta moja kwa moja upande wa masonara. Lutfia akaokota bangili iliyokuwa karibu, akasema ina ufa. Ghamdan akasema huo si ufa, ni nakshi.

"Usitaje bei mpaka nije mimi," Shangazi alimwambia Lutfia akipita, bila kusimama. "Bei za madalali nazijua mimi." Nyuma yake mchuuzi alikuwa anaita, Bibi Tuhfa, rudi basi, kwa ajili ya Mtume. Alikataa. Akaitwa tena. Akarudi.

Ghamdan alisimama. Alizirudisha bangili zote mkononi, akazishusha jambia za watu begani akamkabidhi sonara mmoja amwekee. Kisha akaenda.

Duka la Haji Sharaf liko mwisho wa kichochoro kile, kwenye kona, na lango lake ni pana kuliko yote. Lutfia alimfuata kwa mbali, akasimama duka la jirani la viungo, akaingiza mkono kwenye gunia la iliki kama anayechagua. Kutoka pale alisikia kila kitu, na kwa pembeni aliweza kuona.

Haji Sharaf alikuwa ameketi kwenye godoro lake anapima kitambaa kwa mkono, toka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko. Mtu wa miaka kama hamsini, mpole, ndevu nadhifu, mjane wa mwaka wa tatu. Pamoja naye walikuwepo fundi cherehani wake na mzee mmoja jirani. Ghamdan alitoa salamu, akaomba wazungumze faragha. Haji Sharaf akasema hawa ni jirani, hana analowaficha, aseme.

"Haji, nilipeleka neno lako na nikakuletea jibu," Ghamdan alisema. "Kuna kasoro sikuitaja."

Haji Sharaf aliendelea kupima. "Binti ana maradhi?"

"Hapana."

"Ana ulimi mrefu?"

"Hapana, Haji. Moyo wake una mtu. Alinyamaza kwa kudhani posa ni ya mtu huyo."

Cherehani ikasimama. Mzee jirani akaangalia chini. Haji Sharaf alikunja kitambaa mara moja, mara mbili, akakiweka kando.

"Nani?"

"Mimi."

Mkono wa Lutfia ulikuwa umezama kwenye iliki mpaka kwenye kifundo. Alikuwa akimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpango, Haji akasirike, amtukane Ghamdan, amfukuze, aitupe hiyo posa barabarani mbele ya watu, soko zima lisikie, lolote.

Haji Sharaf hakukasirika. Aliuliza kama kuna jambo lililopita kati yao. Ghamdan akaapa kuwa ni maneno tu, ya mlangoni. Akauliza kama baba wa binti anajua. Ghamdan akasema anajua na hataki. Haji Sharaf akatikisa kichwa polepole, akajimiminia kishri, asiinywe.

"Mke wangu alikuwa akinipenda," alisema. "Miaka kumi na minane. Alipokufa nililala sakafuni mwaka mzima, waulize hawa. Mimi sitafuti tena wa kunipenda, Ghamdan. Nataka nikifika nyumbani nikute taa imewashwa." Aliisukuma kishri kando. "Hofu yangu ilikuwa moja. Kwamba nitaoa msichana, halafu baada ya miezi sita nisikie la sokoni. Mtu mzima, nichekwe. Basi leo nimelisikia kabla, na nimelisikia kutoka kwako."

"Haji, iache," Ghamdan alisema.

Alisema hivyo waziwazi, kisha akapiga magoti pale kwenye kizingiti, mbele ya fundi na mzee, mbele ya wapita njia waliokuwa wameanza kusimama. "Nakuomba kwa ajili ya Mungu, iache. Najua dalali hasemi hivi. Sijali. Nitakutumikia maisha yangu yote bila ujira, nitakubebea majora yako mgongoni. Mwanamke utampata, wewe ukitaka kesho utapata. Mimi sina mwingine."

Fundi cherehani alifuta macho. Mzee jirani akasema, taratibu, kwamba kijana amesema kweli na ukweli una haki yake, Haji alifikirie. Lutfia alisikia hayo na kwa muda mfupi sana, muda wa kuvuta pumzi moja, aliamini.

"Inuka, mwanangu," Haji Sharaf alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Nikuulize kama mtu wa kazi. Umeitaja kasoro, umefanya haki. Sasa hiari ni ya mnunuzi, siyo?"

"Ndiyo."

"Anaweza kuacha. Anaweza pia kuridhia."

Ghamdan aliinuka kutoka kizingitini.

"Siyo?"

"Ndiyo, Haji."

"Nimeridhia. Jirani, mmenisikia?"

Mzee hakuinua kichwa. Alisema amesikia. Fundi naye akasema amesikia, kwa sauti ya chini mno.

Hakuna mtoto wa Sana'a asiyejua maana ya hapo. Mali yenye kasoro iliyofichwa inaweza kurudi kwa mwenyewe hata baada ya mwaka. Mali iliyotajiwa kasoro ikaridhiwa mbele ya mashahidi wawili, hairudi kamwe. Mpaka asubuhi hii Lutfia alikuwa na ufa mmoja wa kupumulia, kwamba ipo siku Haji Sharaf atakuja kujua, achukie, amrudishe kwa baba yake. Alikuwa ameutoa ufa huo kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma mtu anayempenda apige magoti, na umezibwa.

Haji Sharaf aligeuza shingo. Ilielekea alikuwa amemwona muda wote pale kwenye gunia, akakisia ni nani.

"Binti Muhsin," aliita kwa utulivu, bila kumkazia macho. "Usione haya. Wengine huyasema haya baada ya ndoa, wewe umeyasema kabla, nami nimekuheshimu zaidi. Nimeshajua, na bado nakutaka."

Lutfia alitafuta neno jingine baya la kusema juu yake. Alitafuta kwa bidii, maisha yake yote ya miaka ishirini, kama kuna uovu, ugonjwa, laana, kitu chochote cha kumtia mtu huyu chukizo. Hakupata. Lile moja alilokuwa nalo alikwisha kulitoa. Alimtazama Ghamdan, na Ghamdan alikuwa amesimama katikati ya njia, na zile bangili za watu zilikuwa zimemshuka toka kwenye kiwiko hadi kifundoni.

Shangazi Tuhfa akatokea na kapu kichwani, uso unang'aa ushindi, anaeleza toka mbali jinsi alivyompunguza yule mwizi wa zabibu hadi akaapa hatamuuzia tena. Alipomwona mkwe mtarajiwa alijifunika vizuri, akamsalimu kwa heshima zote. Kisha akatazama huku na huku, akaona watu waliosimama kimya, na dalali aliyekuwa mweupe kama chokaa.

"Kulikoni hapa?" aliuliza. "Kuna ugomvi?"

"Hapana, mama," Haji Sharaf alisema. "Palikuwa na neno dogo la biashara."

"Mmepatana?"

"Tumepatana," Haji Sharaf alijibu, akalifungua jora la hariri nyeupe juu ya godoro, akawakaribisha ndani binti achague. Shangazi Tuhfa akamshika Lutfia mkono, na Lutfia akaingia.